Maiki Aliyoichagua Binti Yangu

Binti yangu alipokuwa na miaka miwili aliugua homa ya uti wa mgongo, na alipopona alikuwa hasikii tena. Daktari alitueleza kwa Kiingereza, mimi na mume wangu tumeketi bega kwa bega, kisha mume wangu akanirudia yote kwa Kiswahili cha kwao Bukavu ingawa nilikuwa nimeshaelewa. Sikumkatiza. Nadhani alihitaji kuyatamka kwa kinywa chake mwenyewe ndipo ayaamini.

Ninayotaka kuyasimulia yalitokea miaka minne baada ya hapo, wakati bendera chakavu za Kombe la Dunia zilikuwa bado zimening'inia kwenye baadhi ya maduka ya Durban. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma. Siku za kazi nilisuka nywele katika saluni moja ya Umbilo Road, na Jumapili niliimba katika kwaya ya kanisa letu, kanisa la Wakongo lililokuwa ghorofani juu ya duka la samani. Nilikuwa mwimbaji wa mbele, yule anayeanzisha na wenzake wakaitikia. Sauti nimejaliwa, na sioni haya kulisema. Tangu msichana, nikiimba watu huacha walichokuwa wakifanya.

Binti yangu alisoma shule ya watoto wasiosikia. Huko ndiko alikojifunza lugha ya alama, nami nikamfuata nyuma nikijikongoja, kila Jumamosi asubuhi, darasani na wazazi wengine. Alipotimiza miaka sita tulikuwa tunazungumza kila kitu: chakula, ndoto zake, mwalimu aliyekuwa na mafua, kwa nini paka wa jirani hana mkia. Vidole vyake vilikwenda mbio kuliko vyangu, na nikikosea alinishika mkono akaninyoosha kama fundi cherehani anayenyoosha kitambaa.

Jumapili moja, tukishuka ngazi baada ya ibada, alinivuta gauni nikamtazama. Akaniuliza kwa mikono yake: "Mama, kwa nini ukishika kile kitu unaninyamazia?"

Kile kitu kilikuwa maiki.

Nilisimama pale kwenye ngazi watu wakitupita. Ilikuwa kweli. Kila Jumapili nilimketisha kiti cha mbele kabisa ili anione, halafu nikashika maiki mkono wa kulia, nikaificha midomo yangu nyuma yake, na kwa saa nzima sikumwambia mwanangu hata neno moja. Kanisa zima lilinisikia isipokuwa yeye, na hata kuniona hakuniona vizuri. Lugha ya alama inataka mikono yote miwili na inataka uso. Ukishika maiki, umenyang'anywa mkono mmoja na nusu ya uso.

Jumapili iliyofuata niliomba maiki yangu iwekwe kwenye stendi. Nilianza wimbo, na mikono ikaanza kumweleza binti yangu maneno yake. Alikaa wima kama aliyechomwa sindano, macho yamemtoka kwa furaha. Tukafika ubeti wa pili, nikatupa mkono kuonyesha mto unaopita, nikaigonga stendi. Spika zilitoa kishindo kama mlango uliobamizwa na upepo. Mpiga gitaa akaruka. Nikajirudisha nyuma ili nisiguse tena, na sauti yangu nayo ikarudi nyuma, ikapotea ndani ya ngoma.

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa mzee wa makamo, mwalimu wa shule kule kwao kabla ya vita, mtu mwenye mashati yaliyopigwa pasi hadi mikunjo ya mikono ingeweza kukata mkate. Nyimbo nyingi tulizoimba alizitunga yeye. Katika kikao cha kwaya wiki ile nilinyanyua mkono nikaomba maiki ya kichwani, ile inayovaliwa masikioni na waya mwembamba ukaja karibu na mdomo, bila kushikwa.

"Mikro ya kichwa?" alisema. Wakongo husema mikro na batu, sisi wa Kigoma husema maiki na watu. "Mama, ile ni mambo ya batu ya televizyo. Siye tuko kanisani. Mikro ya mkono iko na shida gani?"

"Mikono yangu inafanya kazi nyingine, mwalimu."

"Kazi gani?"

"Inaimba."

Wengine walicheka kidogo, bila ubaya. Yeye hakucheka. Alisema mwimbaji anayerusharusha mikono anawavuta watu wamtazame yeye badala ya kumsikiliza Mungu, kisha akapita kwenye ajenda nyingine.

Nilikuwa mkaidi wakati ule. Siku yangu ya mapumziko nilikwenda mjini nikanunua maiki ya kichwani katika duka linalouza redio, chaja na saa za ukutani. Niliichagua kwa macho, kama mtu anayechagua hereni. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, na muuzaji aliniambia ndiyo wanayovaa wanamuziki wakubwa. Jumapili nikaivaa bila kuomba ruhusa ya mtu. Kijisanduku chake cha kurushia sauti nilikibana kwenye mkanda, nikaanza wimbo kwa mikono yote miwili.

Dakika ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili, spika zikaanza kupiga mluzi. Nikageuza kichwa, mluzi ukaacha, na mahali pake ikaja sauti ya mwanamume, nzito, yenye uhakika, akihubiri kwa Kizulu.

Barabara ya pili kutoka kwetu palikuwa na kanisa jingine, na mchungaji wao alitumia maiki isiyo na waya iliyokuwa kwenye masafa yaleyale ya ile yangu. Yeye alikuwa na mtambo mzuri, mimi nilikuwa na kichezeo. Nilifungua mdomo kuimba, akatoka yeye. Alisema jambo, waumini wake wakaitikia amina kwa mbali, na mabibi wawili wa kwetu nao, kwa mazoea, wakaitikia amina. Kanisa likaangua kicheko. Mwalimu wa kwaya alikuja mwenyewe akanivua ile maiki kichwani, akanikabidhi ile ya mkono.

Baada ya ibada aliniambia, "Mama, leo tumepata mahubiri mbili."

Nilikwenda nyumbani nikalia. Binti yangu alikaa kando yangu kitandani akinisubiri nimalize, kisha akaniuliza kama wimbo wa leo ulikuwa wa kuchekesha, maana aliwaona watu wote wanacheka. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi niurudie.

Milango miwili kutoka saluni yetu palikuwa na Mtanzania mmoja aliyekodisha vyombo vya muziki kwa ajili ya harusi na mikutano. Tulimwita fundi tu. Alikuwa Mwislamu wa Tanga, mpole, mwenye sauti ya chini ajabu kwa mtu aliyeishi katikati ya spika. Mkewe alikuwa mteja wangu. Siku moja fundi alipokuja kumchukua, akamkuta nimemsuka nusu tu, akaketi kungoja. Nikamsimulia habari ya mahubiri mawili huku vidole vyangu vikiendelea kusuka. Alicheka mpaka akatoa leso. Halafu akaniuliza kwa nini nilitaka maiki ya namna ile, nikamweleza habari za binti yangu. Kicheko chake kikakatika.

"Dada yangu," alisema, "wewe umenunua kwa macho. Hizi hazinunuliwi kwa macho, zinanunuliwa kwa kuimba. Njoo Jumatatu mchana, watu wakiwa wachache. Nitakuwekea tatu, uzivae, uimbe, tuone."

Nilidhani ni maneno ya ukarimu tu. Jumatatu nilimkuta kweli amesafisha stoo yake, amepanga spika mbili kubwa, spika mbili ndogo za chini zile zinazomwelekea mwimbaji ajisikie, na feni imewashwa usoni pangu. "Feni ya nini?" nikamuuliza. Akasema kanisani kwetu zipo, na maiki nyingine huugeuza upepo kuwa ngurumo.

Tulianza. Ile ya kwanza ilikuwa ya sikio moja. Nilipoimba nimesimama ilikuwa safi, lakini nilipoanza kucheza kama tunavyocheza kanisani iliteleza kila hatua ya tatu, sauti yangu ikawa inakuja na kuondoka. Akaitupa pembeni bila hata kuniuliza. "Wewe unacheza," alisema. "Hii ni ya mtu anayehutubia."

Ya pili ilikuwa ya masikio yote mawili, imara, na mwishoni mwake ilikuwa na kichwa kilichovalishwa sifongo nyeusi, kikakaa kwenye pembe ya mdomo. Fundi alinieleza kwamba hii inasikia upande mmoja tu, upande wa mdomo, na mengine inayapa kisogo. Akanipigia ngoma kwa nyuma kwa nguvu, ikawa kama ngoma iko chumba cha pili. Akazifungulia spika za chini hadi mwisho, haikupiga mluzi. Sauti yangu ilitoka nene, ya karibu, kama ninamwimbia mtu sikioni. Niliipenda hapohapo.

"Sasa imba na mikono," akasema.

Niliimba na mikono. Katika lugha ya alama, asante huanzia kidevuni. Mkono ukaenda kidevuni, ukaipiga sifongo, dum. Nikarudia, dum. Maneno mengine nayo yanagusa shavu au yanapita mbele ya mdomo, na mimi hutumia zaidi mkono wa kulia. Fundi alinitazama kwa muda, akaja akaigeuza maiki ikaja upande wa kushoto. Nikasema asante mara kumi mfululizo. Kimya.

"Bismillahi," akasema, "tumeanza kuelewana."

Ya tatu ilikuwa nyembamba mno. Waya wake ulikuwa na unene wa njiti ya kiberiti, rangi ya ngozi yangu, na kichwa chake kilikuwa kidogo kama punje ya mchele. Ilisikia pande zote, akanionya, na kweli, ngoma ilipopigwa ilijaa ndani yake, na spika za chini zilipopanda kidogo ikalia mluzi. Akaizima. "Nzuri kwa mchezo wa kuigiza, penye utulivu," alisema. "Nyinyi mna ngoma, mna gitaa, mna watu thelathini. Chukua ya pili."

Nikakubali. Lakini nikamwomba jambo moja, kwamba kabla sijaamua nimlete binti yangu aione. Alistaajabu. Najua alichokuwa akikifikiri, na hakukisema kwa adabu yake. Mtoto asiyesikia atachaguaje maiki?

Shule zilipofunga nilikwenda naye. Alivaa gauni lake la njano. Nilimketisha kwenye kiti umbali wa kiti cha kanisani, nikavaa ile ya pili, ile niliyoipenda, nikaimba na kumwambia maneno kwa mikono. Alitazama hadi mwisho akiwa amekunja uso. Kisha akanionyesha: "Una ndevu."

"Ndevu?"

Akagusa pembe ya mdomo wake. Ile sifongo. Alisema inakula midomo yangu, hawezi kujua kama ninatabasamu au nimekasirika, na neno upendo amelikosa kabisa. Nikavaa ile nyembamba. Nikaimba wimbo uleule. Safari hii hakukunja uso. Katikati ya ubeti wa kwanza aliteremka kwenye kiti, akaenda kwenye spika kubwa, akabandika viganja vyote viwili kwenye ubao wake, na akaendelea kunitazama hivyohivyo, uso wangu machoni, sauti yangu mikononi. Nilipomaliza alikuja mbio. "Hii. Nakuona wote."

Nilimtafsiria fundi. Alikuwa amesimama nyuma ya mtambo wake, mikono mifukoni. Alitazama spika, akatazama ile maiki ya punje ya mchele, akamtazama binti yangu, akashusha pumzi.

"Masikio yangu yanasema ile," alisema. "Lakini wimbo ni wa huyu. Haya, tuchukue hii. Kazi ya kuizuia isilie niachie mimi. Mwambie mwanao ameniongezea kazi."

Nilimwambia. Akamjibu fundi kwa asante ya kidevuni, na fundi, bila kufundishwa na mtu, akairudisha.

Aliniazima ule mtambo na akaja mwenyewe kwenye mazoezi Jumamosi mchana. Kabla hajafika, nilizungumza na mwalimu wa kwaya. Nilimwomba mazoezi ya siku moja tu, na ikiharibika sitataja tena neno maiki maishani. Alikubali, nadhani, kwa kuchoka.

Fundi alihamisha nusu ya kanisa. Ngoma alizisogeza kwenye kona, akazizungushia mapazia mazito aliyokuja nayo. Spika kubwa alizivuta mbele yangu ili zisinipulizie mgongoni. Spika za chini alizigeuza na kuzipunguza, akaniambia nijisikie kidogo, nijiamini zaidi. Kwa muda mrefu alisimama akipandisha sauti polepole hadi mluzi uanze, akautafuta kwenye mtambo wake, akauminya, akapandisha tena hadi mwingine uanze. Akatafuta masafa ambayo yule mchungaji jirani hakuyatumia. Watu walikuwa wamekaa wanapiga miayo. Mwalimu wa kwaya aliangalia saa yake mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Halafu tukaimba. Ulikuwa wimbo wake mpya, aliotunga mwenyewe, kuhusu watu waliovuka maji wakafika ng'ambo wote, hakuna aliyebaki. Nilianza peke yangu. Sauti ilitoka safi, imetulia, bila mluzi, na mikono yangu ilikuwa huru kama ndege wawili. Mwalimu alikwenda akaketi viti vya nyuma kabisa kusikiliza, kama alivyozoea. Tukapita ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili. Kabla ya kiitikio cha pili nikamwona anainuka, anakuja mbele taratibu kwa ukutani, hasikilizi tena, anatazama. Alikuwa anamtazama binti yangu.

Mtoto alikuwa amesimama juu ya kiti chake cha mbele. Mikono yake ilikuwa imeshashika kiitikio na ilikuwa inakiimba, kwa wakati wake, sambamba na kwaya, wote wamefika, wote wamefika, hakuna aliyebaki.

Mwalimu alinyanyua mkono tukanyamaza. "Huyu mtoto anasema nini?"

"Anaimba wimbo wako, mwalimu."

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati lake lile la pasi. Alipoirudisha alisema kwa sauti ya kawaida, kama anatangaza tu ukurasa, "Chorus yote, mama. Fundisha batu yote. Mimi pia."

Hivyo ndivyo kwaya nzima ilivyojifunza kiitikio kwa mikono, na mwalimu ndiye alikuwa mzito wa vidole kuliko wote. Alikuja saluni siku mbili za wiki ile kufanya mazoezi, akiwa ameketi kati ya wanawake waliokuwa chini ya mashine za kukaushia nywele.

Kulikuwa na tamasha la kwaya za makanisa ya wahamiaji mwezi uliofuata, katika ukumbi mmoja huko Westville, na majaji watatu. Tulikuwa tumeshiriki mara mbili na kurudi mikono mitupu. Nilijiandaa kama bibi harusi. Mwenzangu wa saluni, mama wa Goma niliyemwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa alinizidi umri, alinisuka mistari midogo inayolala nyuma, na juu ya kila sikio akaacha njia nyembamba ambamo waya wa maiki ungekaa usitikisike hata nikiruka. Ndani ya gauni la kitenge alishona mfuko mgongoni kwa ajili ya kile kijisanduku. Na kwa kuwa joto la Durban hutoa jasho hata mtu akiwa amekaa, alikivalisha kipande cha glavu zetu za kupakia rangi ya nywele, akakifunga kwa uzi. "Mudogo wangu," alisema, "sasa wewe ruka hata ndani ya mvua."

Fundi alitutangulia Westville asubuhi ili ajue nani anatumia masafa gani. Ukumbi ulikuwa na watu wake wa mitambo, na walipotuona wakasema hapana, waimbaji wote wa mbele watumie maiki za mkono za ukumbi, ndiyo utaratibu. Fundi alizungumza kwa upole wake, hawakumsikia. Binti yangu alikuwa ameshaingia na darasa lake zima, safu mbili za mbele zimejaa watoto wasiosikia na mwalimu wao, mama wa Kizulu, wamekuja kwa sababu yangu.

Mwalimu wa kwaya alijipenyeza katikati. Alikuwa ameshika karatasi zake za nyimbo kifuani.

"Iko batoto pale mbele," alisema kwa Kiswahili kwanza, kwa hasira, kisha akakumbuka na kuhamia Kiingereza chake cha Kifaransa. Aliwaambia wale vijana wa mitambo kwamba nusu ya wimbo wetu iko kwenye mikono ya huyu mama, na bila maiki yake ya kichwani kwaya yetu haipandi. Watu thelathini wamekuja, watu thelathini watarudi nyumbani. Akakunja mikono akasubiri.

Mkubwa wao alinitazama, akatazama watoto, akamtazama fundi. "Eish," alisema. "Sharp, haya. Lakini ikilia, ninaizima."

Haikulia.

Nilitoka peke yangu mbele. Nakumbuka taa, na gauni la njano. Nilianza ule ubeti wa kwanza na mikono ikaanza nao, na safu mbili zile za mbele zikainama kuelekea kwangu kwa pamoja, kama majani upepo ukipita. Wakati huo sikuwaza maiki kabisa. Ilikuwa kana kwamba haipo, na sauti ilifika mpaka ukuta wa nyuma ikarudi. Kwaya ikaingia, ngoma ikaingia, nikacheza, nikaruka, nikageuka, jasho likanichuruzika mgongoni, na haikuteleza, haikukatika.

Kwenye kiitikio cha mwisho mwalimu wa kwaya alifanya jambo ambalo hatukulifanyia mazoezi. Alifumba ngumi hewani. Ngoma ikakoma, gitaa likakoma, sauti zikakoma. Lakini akaendelea kuongoza, na sisi tukaelewa. Watu thelathini wakaimba kwa mikono tu, wote wamefika, hakuna aliyebaki, na watoto wa mbele wakasimama wakaimba nasi. Ukumbi mzima ulinyamaza. Kwenye spika ilisikika pumzi yangu peke yake, ikiingia na kutoka, kwa sababu ile punje ya mchele ilisikia kila kitu. Mara ya kwanza kwenye ukumbi ule, wale watoto ndio waliokuwa wanajua maneno na wengine wote ndio waliokuwa wanatazama wajifunze.

Mwalimu akafungua ngumi, na sauti zote zikarudi kwa mpigo mmoja. Watu waliinuka. Walipiga makofi, vigelegele, miluzi. Watoto wa mbele walinyanyua mikono wakaitikisa hewani, vidole vimetanuka, maana hivyo ndivyo wanavyopiga makofi. Nikawajibu vivyo hivyo. Yaya akafanya vivyo hivyo, kisha kwaya, kisha safu ya tatu, ya nne, na hatimaye nilipotazama niliona ukumbi wote umekuwa mikono inayotikisika, kimya kabisa, mamia ya mikono. Hapo ndipo nililia, huku maiki bado imewashwa na watu wote wakinisikia, na sikujali.

Tulitangazwa wa kwanza. Mwalimu alikwenda kupokea kombe akitembea kwa heshima zote, lakini nusu ya njia alisahau akakimbia.

Tulirudi Umbilo jua bado liko juu, mimi, binti yangu na mwalimu wa kwaya tumepanda bakkie ya fundi, pikapu lake, pamoja na spika zake. Kombe lilikuwa magotini mwa mwalimu. Tuliposimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, alimgeukia binti yangu akamgusa bega.

"Muulize," aliniambia, "tumeshinda, banasemaka vile gani?"

Nikamuuliza. Binti yangu alimwonyesha. Mwalimu akajaribu, akakosea. Binti yangu akatikisa kichwa, akamnyang'anya kombe, akamwekea fundi kwenye mapaja, akamshika mwalimu vidole vyake vizito, kimoja kimoja, akaanza kuvinyoosha. Taa ikawa ya kijani. Magari ya nyuma yakapiga honi, na fundi akayaacha yapige mpaka mwalimu akapatia.